Je, Miti Shamba Inaongeza Kinga?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ruhuwiko, Songea)

Kaeni, kaeni. Ninyi wa nyuma sogeeni mbele, uwanja wa ndege uko hapo tu, na ndege ikipita hamtanisikia.

Nimesoma karatasi mlizotumbukiza kwenye boksi. Nilitegemea maswali ya mapenzi, maana ndiyo huwa mengi. Safari hii mmeniuliza miti shamba: mwarobaini, mlonge, kitunguu saumu, nyungu. Mmoja kaandika, "Nikinywa mwarobaini kila siku, si nitakuwa siugui?" Haya, tuongee hilo.

Kwanza, mimi si adui wa miti. Una mafua, bibi kakuchemshia tangawizi na limau, katia na asali? Kunywa, umshukuru. Koo litatulia na maji yataingia mwilini. Mafua yataondoka kwa wakati wake, lakini utakuwa umeyapitia kwa nafuu.

Wala msidhani dawa za hospitali zimeshuka kutoka mbinguni. Huko China, mwaka 1969, mama mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake wakapekua vitabu vya waganga wa kale. Mmea mmoja ukawasumbua: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, akakuta mganga yule aliagiza mmea ulowekwe kwenye maji, kisha ukamuliwe. Hakusema uchemshwe! Kumbe moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa. Mwaka 1971 wakaitoa bila joto kali, ikamaliza vimelea kwenye panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa walikunywa wao wenyewe, waone kama ina sumu. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Mmea wenyewe ni Artemisia annua, na dawa yake imo ndani ya dawa ya mseto, ile ALu mnayopewa zahanati, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia mwaka 2006.

Najua mtauliza: basi si tuchemshe majani tu, tuokoe hela? Hapana, kwa sababu kikombe cha leo si sawa na cha jana. Udongo, jua, siku ya kuvuna, wingi wa majani, vyote vinabadilisha nguvu yake. Ukivipiga vimelea nusu nusu, vinavyobaki ni vile sugu. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba nchi hii, vimelea vikaizoea mpaka ikabidi iachwe mwaka 2001. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani hayo.

Sasa neno "kinga". Mnavyoandika ni kama vile kinga ni tenki la maji, likipungua unajaza. Sivyo. Kinga ni askari wa aina nyingi, kila mmoja na kazi yake, na wakichokozwa ovyo wanampiga raia. Pumu na aleji ni hivyo hivyo, askari wamekosea adui. Askari hawa wanataka chakula, maharage, dagaa na mboga, si ugali peke yake. Wanataka usingizi (ninyi wa kukesha na vitabu, mnanisikia?). Na wanataka waonyeshwe picha ya adui mapema, yaani chanjo. Wasichana wa nchi hii walianza kupewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2018, nchi nzima. Hakuna mzizi unaofanya kazi hiyo.

Na huo mwarobaini tunaouita wa asili ni mgeni, ulitoka upande wa India. Kuwa wa asili hakuuondolei sumu: mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga huko Asia. Kila siku, mwaka mzima? Hapana bwana.

Ninyi ni watoto wa Songea, mmefika Makumbusho ya Majimaji. Mwaka 1905 dawa ya maji kutoka kwa Kinjikitile kule Ngarambe ilifika mpaka huku Ungoni. Msiwacheke wazee wale. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi kumkabili Mjerumani, jambo ambalo halikuwa dogo. Lakini risasi hazikugeuka maji, na Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa hapa mjini. Dawa inaweza kukupa moyo kweli kweli na bado isikukinge.

Mwaka 2011 tuliliona tena kule Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa na kilometa, na wapo wagonjwa waliofia humo. Wengine walikunywa, wakajisikia wepesi, wakaacha vidonge vyao vya kisukari na vya virusi vya UKIMWI. Kwa wiki kadhaa usingeona tofauti. Virusi havina haraka. Vinaanza kuzaliana upya kimya kimya, na mtu akirudi kliniki, askari wake wameshapukutika.

Nalisema hili polepole kwa sababu ya karatasi moja. Imeandikwa kwa penseli, haina jina: "Nilizaliwa na virusi. Shangazi kaniletea unga wa mizizi, kasema niache vidonge, vinachosha ini. Nifanye nini?"

Mwenzangu, usiache hata dozi moja. Hakuna mti uliothibitishwa kufanya kazi ya ARV. Shangazi anakupenda, usigombane naye. Mwambie, "Shangazi, naomba tuupeleke huu unga kliniki, waniambie kama unapatana na vidonge." Ipo mimea isiyopatana navyo. Hata vidonge vya kitunguu saumu viliwahi kupimwa, vikakutwa vinapunguza nguvu ya dawa mojawapo ya virusi iliyotumika miaka ile. Kama umeshaulamba, sema. Mhudumu hawezi kukusaidia kwa kitu asichokijua. Na kama ni vidonge ndivyo vinakuchosha, hilo nalo lina dawa: vinaweza kubadilishwa.

Ninyi wengine, mkiona mwenzenu bwenini anameza vidonge saa ile ile kila siku, msiulize ni vya nini. Mpeni maji.

Malaria nalo nilimalize. Homa ikikushika, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu kabla hujamaliza kupiga soga. Mtoto nyumbani akishikwa na degedege, akitapika kila kitu au asipoamka vizuri, hakuna cha kufukiza wala cha kuchanja. Ni hospitali, hata usiku.

Bado nyungu. Mvuke unafungua pua, sawa. Haufiki kuua virusi vya korona mapafuni, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watu. Pua ikiziba, oga maji ya moto.

Mwenye karatasi ya penseli, leo nipo kwa mwalimu wa malezi mpaka saa kumi. Njoo na unga wako. Ukiona aibu, mtume rafiki alete kwanza.