Kila Programu na Mahali Pake

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa dayosisi katika semina ya makatibu wa sharika, watunza hazina na walimu wa chekechea, Nangara, Babati



Nimepewa nusu saa niongee juu ya jambo linaloonekana dogo: programu ya kompyuta iwekwe katika kundi gani. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Kituo chetu kimoja kilipopata kompyuta zenye mfumo wa Ubuntu, wazee walilalamika kwamba vijana wanashinda wakicheza karata humo. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Nikamwagiza fundi aondoe kila kilichokuwa chini ya "Michezo". Akatii. Karata zikaondoka, na pamoja nazo ikaondoka programu ya kujifunza kuchapa, ile ambayo maneno yanashuka kutoka juu na mtoto anayaandika kabla hayajafika chini. Nayo ilikuwa imewekwa kwenye Michezo. Mwalimu hakuuliza kitu. Alidhani ofisi imeamua. Nilipotembelea kituo muhula ulipokwisha, nilikuta amechora kibodi kwenye kipande cha boksi, na watoto wanagusa herufi za kalamu huku kompyuta zimezimwa pembeni. Intaneti haikuwepo pale, kwa hiyo ilibidi fundi arudi na programu mkononi. Muhula mzima ulipotea kwa sababu ya neno moja kwenye menyu.

Ndugu zangu, tuelewe makundi haya yanatoka wapi. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, imejengwa juu ya Debian, mfumo huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu za Debian hutunzwa kwa vifurushi, na toleo la 12 la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Bila makundi, hilo lingekuwa ghala lisilo na rafu. Kila kifurushi hupewa sehemu moja tu: michezo, elimu, michoro, sauti, sayansi na nyinginezo. Anayekitengeneza hupendekeza sehemu, na wasimamizi wa hazina ya Debian wanaweza kuibadilisha. Kwa hiyo waliochagua ni watu kama sisi. Hawakumjua mwalimu wetu wala watoto wake.

Menyu unayoiona kwenye kioo ni jambo la pili, nalo lina nafasi zaidi. Kila programu ya kwenye menyu ina faili dogo lenye mstari unaoanza na neno Categories, na hapo yanaruhusiwa makundi zaidi ya moja, yakitenganishwa kwa nukta-mkato. Programu ileile inaweza kuonekana chini ya Elimu na chini ya Michezo pia.

Sasa tuchaguaje? Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuangalie matumizi, tusiangalie sura. Hapa Babati hakuna mama anayeweka mbegu ya mahindi iliyotiwa dawa kwenye gunia la mahindi ya kula, ingawa yote ni mahindi. Anajua moja litakwenda shambani na jingine mashineni. Vivyo hivyo, programu yenye rangi na muziki si lazima iwe mchezo. Tuulize: mtu akiifungua, anataka kumaliza kazi gani?

Pili, tumfikirie anayetafuta. Mtunza hazina anayetafuta GnuCash ataanzia Ofisi, kwa sababu kichwani mwake yuko ofisini anafunga hesabu za mwezi. Fundi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuiweka kwingine, lakini fundi ataondoka, na mtunza hazina atabaki na vitabu vyake. Kabla ya kupanga, muulize mtumiaji angeitafuta wapi, kisha nyamaza usikilize.

Tatu, tusitumie kundi kama hukumu. Kundi linasema kitu kiko wapi, halisemi kama ni chema au kibaya. Kama karata zinawapotezea vijana muda, tukae nao tuwekeane saa. Mimi niliacha neno "Michezo" liamue badala yangu, na aliyeumia hakuwa mcheza karata.

Kwa wale watakaofanya kazi hii kwa mikono, nina tahadhari mbili. Mafaili ya menyu yako kwenye /usr/share/applications. Usiyahariri humo, maana programu ikisasishwa mabadiliko yako yatafutika. Nakili faili kwenye folda ya .local/share/applications ya mtumiaji, uhariri nakala hiyo. Ya pili: ndani ya faili andika jina rasmi, kwa mfano Education, Office au Game. Ukiandika "Elimu" kompyuta haitaelewa, na programu itatupwa kwenye fungu la mengineyo. Neno la Kiswahili linaloonekana kwenye menyu hutoka kwa watafsiri.

Na watafsiri hao tuwaheshimu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walilazimika kukubaliana neno kwa neno kitu kiitweje, ili mtu asiyejua Kiingereza afungue menyu na kujua aende wapi. Kupanga makundi ni kuendeleza kazi hiyohiyo.

Baada ya chai tutagawanyika. Kila kikundi kitapewa orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta zake. Walimu wataamua za chekechea, watunza hazina za hesabu, makatibu za barua. Fundi ataandika tu mtakayokubaliana. Mkibishana juu ya programu moja, msipige kura haraka. Mwombeni kila mmoja aeleze anaitumia kwa kazi gani. Mara nyingi mtakuta inastahili makundi mawili.

Mwalimu wetu yumo humu ukumbini leo. Lile boksi lenye kibodi nimemwomba anipe, nimelitundika ofisini juu ya meza yangu. Kabla sijaagiza kitu kiondolewe, ninalitazama kwanza.