Saini ya Mkemia: Vyama vya Wakemia wa Uingereza, 1841 hadi 1980

Hii ni historia ya vyama vya wakemia wa Uingereza, kuanzia mwaka 1841 kilipoundwa Chama cha Kemia cha London, hadi mwaka 1980 vyama vinne vilipoungana na kuwa Chama cha Kifalme cha Kemia, ambacho ndicho chama cha kitaifa cha wataalamu hao mpaka sasa. Chama cha taaluma hutofautiana na chama cha wafanyakazi kwa kuwa shughuli yake kuu haihusu mshahara, bali ni kuamua nani anastahili kuhesabiwa kuwa mtaalamu, apimwe kwa mtihani gani, na akikiuka miiko ya kazi afutwe vipi katika orodha. Kwa wakemia wa Uingereza mamlaka hayo yalitokana zaidi na peremende, maziwa na bia kuliko na ugunduzi wowote wa maabarani, na kwa sababu hiyo historia yao inawahusu hata watu ambao hawajawahi kushika mrija wa majaribio.

Tarehe 23 Februari 1841 watu 25 walikutana London kwa mwaliko wa Robert Warington, mkemia aliyewahi kuajiriwa na kiwanda cha bia, ambaye miaka michache baadaye alijipatia sifa nyingine kwa kuonyesha kwamba samaki, konokono na mimea ya majini wakiwekwa pamoja katika chombo cha kioo wanaweza kuishi muda mrefu bila kubadilishiwa maji. Tarehe 30 Machi chama kilianzishwa rasmi kikiwa na wanachama 77, na rais wake wa kwanza akawa Thomas Graham, profesa Mskoti anayekumbukwa kwa kanuni yake ya namna gesi zinavyosambaa. Mwaka 1848 chama kilipata hati ya kifalme, yaani waraka wa Malkia unaokipa kikundi cha watu hadhi ya kisheria ya kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa kana kwamba ni mtu mmoja, na mwaka huohuo kikaanza kuchapisha jarida lake la kila robo mwaka.

Kazi ya chama katika miongo hiyo ya mwanzo ilikuwa ya kielimu: wanachama walikutana, mmoja akasoma makala ya utafiti wake, wengine wakaihoji, kisha makala ikachapishwa na kuwekwa maktabani. Kuanzia mwaka 1871 jarida liliongezewa muhtasari wa tafiti zilizochapishwa nje, hasa Ujerumani na Ufaransa, huduma iliyokuwa na thamani kubwa kwa mkemia wa Manchester au Glasgow ambaye hakuweza kufuatilia majarida ya lugha nyingine. Hata hivyo, kasoro moja ilijificha ndani ya mpango huo mzuri. Mtu aliingia chamani kwa kupendekezwa na wanachama, kupigiwa kura na kulipa ada, bila mtihani wowote, lakini akishaingia aliruhusiwa kuandika baada ya jina lake herufi tatu za uanachama, ambazo umma ulizichukulia kuwa ni shahada. Wauzaji na wapimaji wa kubahatisha waliziweka kwenye matangazo yao ya biashara, na kufikia miaka ya 1870 baadhi ya wanachama waliokerwa na hali hiyo walianza kuwanyima kura waombaji kwa wingi, jambo lililozua ugomvi mkali ndani ya chama chenyewe.

Umuhimu wa kujua nani ni mkemia wa kweli ulikuwa umekwisha kuonekana Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, mwezi Oktoba 1858. Sukari ilikuwa ghali, na watengenezaji wa peremende walikuwa na desturi ya kuipunguza kwa kuichanganya na unga wa jasi au wa chokaa, udanganyifu uliozoeleka kiasi kwamba unga huo ulikuwa na jina lake sokoni. Safari hiyo aliyetumwa kuununua alihudumiwa na msaidizi wa duka la dawa ambaye, tajiri wake akiwa mgonjwa, alichota katika pipa lisilo sahihi na kupima takriban kilo 5 za aseniki, sumu nyeupe ambayo kwa macho haitofautiani na unga wa jasi. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua, na ni uchambuzi wa kikemia wa mtaalamu wa mji huo, Felix Rimmington, uliothibitisha kwamba sumu ilikuwa ndani ya peremende, wakati baadhi ya vifo vya mwanzo vilikuwa vimedhaniwa kuwa ni vya kipindupindu. Mahakamani hakuna aliyetiwa hatiani, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kuua, na kuchanganya jasi na sukari hakukuwa kosa mahususi la jinai.

Bunge lilijibu kwa sheria ya mwaka 1860 iliyoruhusu mamlaka za miji na wilaya kuteua wachambuzi wa vyakula, lakini kwa kuwa iliruhusu bila kulazimisha, mamlaka chache sana zilijisumbua. Sheria ya mwaka 1872 ilikuwa na meno zaidi, nayo ilitaka mchambuzi awe na ujuzi wa kutosha wa tiba, kemia na hadubini. Haikusema, hata hivyo, nani angepima utoshelevu huo. Matokeo yake yalikuwa kwamba madaktari wasiojua kupima siagi walipewa kazi ya kupima siagi, wafanyabiashara wakashitakiwa kwa ushahidi dhaifu, na magazeti yakaanza kuwakejeli wachambuzi wenyewe. Mnamo Agosti 1874, wakishambuliwa kutoka pande zote, wachambuzi hao waliunda Chama cha Wachambuzi wa Umma, na rais wake wa kwanza akawa Theophilus Redwood.

Swali la kwanza lililokikabili chama hicho kipya lilionekana dogo: maziwa ni nini? Kila mtu anayajua maziwa, lakini ng'ombe mmoja hutofautiana na mwingine, maziwa ya asubuhi hayalingani na ya jioni, na muuzaji aliyeongeza maji angeweza daima kumsingizia ng'ombe. Wachambuzi walikausha sampuli hadi maji yote yakatoka, wakaupima uzito wa kilichobaki, kisha wakaondoa mafuta kwa kuyayeyusha katika etha, ili wapate kiasi cha vitu vikavu visivyo mafuta, yaani protini, sukari ya maziwa na chumvichumvi, ambavyo katika maziwa ya ng'ombe hubadilika kidogo kuliko mafuta yanavyobadilika. Chama kilikubaliana kwamba maziwa halisi yawe na angalau asilimia 9 ya vitu hivyo na asilimia 2.5 ya mafuta. Hakuna Bunge wala mahakama iliyokuwa imetamka lolote juu ya jambo hilo. Watu wachache waliokutana hotelini na kwenye kumbi za mikutano waliweka kipimo, wakakichapisha, na tangu hapo mfugaji wa Kent au wa Cheshire akahukumiwa kwacho. Uthubutu huo unastahili kustaajabiwa, ijapokuwa wauzaji maziwa wa wakati huo waliuona kuwa ni ufedhuli mtupu.

Upinzani mzito zaidi ulitoka ndani ya serikali. Sheria ya mwaka 1875 ilimruhusu mshitakiwa kuomba sampuli yake ipimwe upya na maabara ya idara ya mapato iliyokuwa Somerset House, London, maabara iliyoanzishwa mwaka 1842 kwa ajili ya kuwanasa waliochanganya tumbaku na majani mengine ili kukwepa ushuru. Wakemia wake walikuwa mahodari wa tumbaku na pombe, lakini uzoefu wao wa vyakula ulikuwa mchanga, na walitumia kiwango cha chini cha asilimia 8.5 kwa vitu vikavu visivyo mafuta, hivyo mara kwa mara waliwaachia watu ambao wachambuzi wa miji walikuwa wamewatia hatiani. Malumbano hayo yalidumu robo karne, hadi kanuni za maziwa za mwaka 1901 zilipoweka asilimia 3 ya mafuta na asilimia 8.5 ya vitu vingine vikavu, na kuelekeza kwamba maziwa yaliyo chini ya hapo yahesabiwe kuwa yameharibiwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Katika mafuta wachambuzi walipata zaidi ya walichokiomba, na katika sehemu ya pili serikali ikashinda.

Maabara hiyo ya ushuru ilikua na kuwa ofisi ya mkemia wa serikali, cheo ambacho Watanzania wanakijua kwa jina la Mkemia Mkuu wa Serikali, nayo sheria ya Kenya ya vyakula, dawa na kemikali, Sura ya 254, bado inamtaja mchambuzi wa umma anayeteuliwa kupima sampuli za wakaguzi. Mgawanyo wa kazi uliobishaniwa Uingereza katika karne ya 19, baina ya anayechukua sampuli, anayeipima na anayehukumu, ulifika Afrika Mashariki pamoja na sheria za kikoloni.

Tukirudi kwenye tatizo la herufi za uanachama, kwa kuwa Chama cha Kemia hakikutaka kugeuka kuwa chombo cha kusimamia riziki za watu, kundi la wanachama wake liliunda chombo cha pili, Taasisi ya Kemia, mnamo Oktoba 1877, na Edward Frankland, bingwa wa uchambuzi wa maji ya kunywa ya London, akawa rais. Taasisi ilidai mafunzo ya miaka kadhaa, kisha mtihani, na sehemu kubwa ya mtihani huo ilifanyika maabarani, ambako mtahiniwa alikabidhiwa unga au kimiminika asichokijua akatakiwa kueleza kina nini na kwa kiasi gani. Jambo moja ilishindwa kulipata, nalo ni jina lenyewe la kazi, kwa sababu sheria ya mwaka 1868, iliyotokana kwa sehemu na maafa ya Bradford, ilikuwa imewapa wauza dawa haki ya kujiita wakemia. Ndiyo maana hadi leo duka la dawa Nairobi au Mombasa huitwa kemisti, na mtu mwenye shahada ya kemia akiingia humo huingia kama mteja.

Katika suala la wanawake, chombo cha riziki kilitangulia chombo cha elimu. Taasisi ilimpokea Emily Lloyd mwaka 1892 baada ya kufaulu mtihani, ilhali Chama cha Kemia, kilichojivunia kuthamini utafiti kuliko kitu kingine, kiliendelea kuwafungia mlango wanawake ambao makala zao za utafiti kilizichapisha. Mwaka 1904 wanawake 19 waliwasilisha ombi la kukubaliwa, na mwaka huohuo chama kikamchagua Marie Curie kuwa mwanachama wa heshima kutoka nje, hatua iliyozidi kuonyesha upogo wa msimamo wake. Wanachama walipoulizwa kwa kura mwaka 1908, waliokubali waliwazidi waliokataa. Hata hivyo upinzani wa watu wachache wenye sauti, akiwemo Henry Armstrong, ulitosha kuwafanya viongozi wabuni daraja la chini la walipa ada wasio na kura. Ni baada tu ya sheria ya mwaka 1919 iliyokataza kuwazuia wanawake katika taaluma ndipo mlango ulipofunguliwa, mwaka 1920, na Ida Smedley Maclean, mmoja wa wale 19, akawa wa kwanza kuingia.

Turudi nyuma kidogo, kwenye sumu katika vyakula na vinywaji: mwaka 1900 zaidi ya watu 6,000 waliugua Manchester na miji ya jirani, na wasiopungua 70 wakafa, kwa ugonjwa wa neva ambao madaktari walidhani ni matokeo ya ulevi. Daktari Ernest Reynolds ndiye aliyeishuku aseniki, na wakemia wakaipata ndani ya bia. Wenye viwanda vya bia hawakuwa wameongeza sumu; walinunua sukari iliyotengenezwa kwa wanga na asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ilikuwa imetokana na mawe ya madini yenye aseniki. Hapa sheria ya udanganyifu haikufaa kitu, kwa sababu hapakuwa na mdanganyifu. Tume iliyoongozwa na Lord Kelvin ilipendekeza kiwango cha juu ambacho kwa vipimo vya leo ni takriban miligramu 0.14 kwa lita, na wachambuzi wa umma pamoja na wakemia wa viwandani wakaunda kamati ya pamoja ya kusanifisha kipimo cha Marsh, ambacho huigeuza aseniki kuwa gesi na kuiacha ing'ae kama kioo cheusi ndani ya mrija uliopashwa moto, ili maabara mbili zikipima bia moja zipate jibu moja.

Vita vya 1914 vilileta kazi ya namna nyingine, kwa kuwa vyombo vya kioo vya maabara vilikuwa vikiagizwa kwa wingi kutoka Ujerumani. Mwaka huohuo Taasisi iliunda kamati ya utafiti wa kioo, na Herbert Jackson wa London akatafuta michanganyiko ya mchanga, chokaa na madini mengine iliyoweza kustahimili moto na asidi, ambayo viwanda vya nyumbani vilipewa ili vianze kuitengeneza.

Vyama vya wakemia vilibaki vingi, kila kimoja na ada yake, hadi tarehe 1 Juni 1980 Chama cha Kemia, Taasisi, Chama cha Faraday cha mwaka 1903 na chama cha wachambuzi wa kemia, mrithi wa kile cha mwaka 1874, vilipounganishwa chini ya hati mpya ya kifalme. Jumuiya ya Tasnia ya Kemia, ya mwaka 1881, ilibaki nje, na bado inajitegemea. Kwa muungano huo utafiti na riziki viliwekwa katika nyumba moja, na mtihani nao ukahamia humo: hadi leo mchambuzi wa umma nchini Uingereza hawezi kuteuliwa bila shahada ya umahiri katika uchambuzi wa kemia, ambayo hutolewa na chama hicho.