Upepo wa Turkana na Ardhi Unayopita



Mabaharia wa pwani yetu wamezoea upepo unaogeuka. Kaskazi ikiisha, kusi huingia, na majahazi hufuata majira hayo. Karibu na Loiyangalani, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, mambo ni tofauti: upepo hutoka kusini-mashariki mwaka mzima. Mwaka 1982 wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo katika jarida la kisayansi, na maelezo yao yanaanzia kwenye milima. Nyanda za juu za Ethiopia ziko upande mmoja na za Kenya upande wa pili, na katikati kuna bonde la chini. Hewa itokayo Bahari ya Hindi hubanwa humo kama mto unaopita kati ya majabali, ikaongeza mbio. Ikifika kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, hubanwa tena.

Kwa mhandisi, mbio hizo ni mali. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane. Ndiyo maana mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365 ulisimamishwa hapo, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Minara yake ni mifupi kwa viwango vya leo, takriban mita 44, kwa kuwa upepo una nguvu hata karibu na ardhi, na vipande vidogo ni rahisi kusafirisha. Hata hivyo, barabara ya kutoka Laisamis, zaidi ya kilomita 200, ilibidi itengenezwe upya kwanza.

Kuna ugumu wa saa pia. Mkondo huu hupata nguvu usiku hadi alfajiri, nasi Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi jioni. Usiku wa manane upepo na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hugombania soko lile lile dogo. Nyaya nazo zilichelewa: mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Katika kipindi hicho mkataba wa kununua umeme uliitaka nchi ilipie umeme ambao haikuweza kuufikisha popote.

Lakini nyaya huvutwa, na betri za kuhifadhi umeme wa usiku zitanunuliwa. Linaloniumiza ni ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000, na mitambo ikakaa katika sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Warendile, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wamechunga, wamevua na kuhamahama katika nchi hiyo vizazi na vizazi. Wakazi walifungua kesi mwaka 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro hiyo.

Nimesikia jibu kwamba ng'ombe na ngamia bado hupita kati ya minara, kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu. Silikubali. Mfugaji anayepita kwa haki yake na mfugaji anayepita kwa hisani ya mwenye hati hawako sawa, hata wakikanyaga njia moja. Ukame ukikaza, wa kwanza huamua mifugo iende wapi; wa pili husubiri kuruhusiwa. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na sheria yake ilitungwa mwaka 2016. Wala tusidhani kwamba suala hili ni la kaskazini peke yake. Kule Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 baada ya mvutano mkali juu ya ardhi.

Kabla ya kuagiza mtambo hata mmoja, wahandisi husimika milingoti na kuupima upepo kwa miezi mingi, kila saa na kila upande. Hakuna benki inayotoa mkopo bila takwimu hizo. Nataka njia za mifugo, visima, maeneo ya ibada na malisho ya kiangazi vipimwe katika miezi hiyo hiyo, pamoja na wazee na wanawake wanaovijua, na ramani hiyo isomwe kwenye mkutano wa jamii kabla mkataba wa kukodi ardhi haujatiwa saini. Idara ya uhandisi na Kitivo cha Sheria cha chuo chetu vinaweza kuanza kufundisha kazi hii kwa pamoja muhula ujao.