Mashine Inayopima Ubongo Ieleze Sababu Zake



Mtu akishukiwa kuwa na malaria, damu hupimwa na vimelea huonekana kwenye darubini. Sonona, yaani unyogovu, haina kipimo cha damu. Daktari huuliza na kusikiliza: usingizi ukoje, chakula kinaliwa, raha ya mambo aliyoyapenda imepotea kwa wiki mbili au zaidi? Wengi huona haya kujibu, na ugonjwa huendelea kuwala ndani kwa ndani.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuutafuta ugonjwa huu katika mawimbi ya ubongo. Umeme mdogo wa ubongo wa binadamu ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na daktari Mjerumani, Hans Berger. Leo kipimo hicho hutumika hasa kwa wagonjwa wa kifafa: vipande vidogo vya chuma hubandikwa kichwani, bila sindano wala maumivu, na mawimbi hujichora kwenye skrini. Kompyuta yenye akili unde hufunzwa kwa rekodi za watu wenye sonona na wasio nayo, kisha hupewa rekodi ya mtu mpya iitolee jibu.

Tatizo ni kwamba nyingi hutoa jibu bila sababu. "Ana sonona." Kwa nini? Kimya. Akili unde inayojieleza huonyesha ni sehemu gani za kichwa na ni mawimbi gani yaliyochangia jibu. Daktari akiona uzito wote umetoka kwenye vipande vilivyo karibu na macho, atashuku kwamba mashine imesoma kupepesa kwa macho, si ugonjwa.

Hata hivyo, maelezo pekee hayatoshi. Rekodi ya mtu mmoja ikigawanywa, sehemu ikafunza mashine na sehemu ikaijaribu, mashine humtambua mtu yule yule na kupata alama za juu. Akija mgeni, inababaika. Kwa hiyo ni lazima ijaribiwe kwa watu ambao haijawahi kuwaona.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kuuliza "jibu hili limetoka wapi?" si utovu wa adabu.

Kwa sasa, mawimbi ya ubongo hayajachukua nafasi ya mazungumzo na mhudumu wa afya. Sonona inatibika, kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Wakazi wanahimizwa kufika kituo cha afya kilicho karibu au kumwona mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini. Anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.