Maumivu ya Mkojo Yasiyokwisha

Leo twazungumza juu ya uvimbe wa siku nyingi katika njia ya mkojo. Mgonjwa huchomwa akikojoa, na pengine hutokwa na usaha. Mara nyingi chanzo ni kisonono au klamidia. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini, miligramu 100 mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Maliza dawa hata maumivu yakipungua, na mwenzako naye atibiwe, asije akakuambukiza tena. Dalili zikibaki, rudi kwa daktari. Huenda kijidudu ni kingine, kama trikomona, nacho kina dawa yake. Wengi hupona kabisa. Anayechelewa aweza kupata kovu ndani, mkojo ukapita kwa shida. Basi, aibu isikuzuie. Kwaherini.