Nauli mbele ya jeneza



Sisi tuliorudi toka Uganda tunaijua Mulago, kule Kampala. Pale ndipo iko Taasisi ya Kansere ya Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1967. Munganga Jackson Orem alipoanza kuiongoza mwaka 2004, alikuwa munganga wa kansere peke yake kwa inchi yenye watu zaidi ya milioni 25.

Alitibu, lakini hakuishia pale. Pamoja na watafiti wa Seattle, Marekani, alisomesha waganga vijana na kuchunguza kansere zinazoletwa na virusi, kwani hizo zinaweza kuzuiwa.

Kansere ya shingo ya kizazi ni moja yao. Wasichana wanachanjwa, wamama wanapimwa kwa siki, dakika chache tu.

Na sisi je? Mfuko wetu unalipa jeneza kila mara. Nauli ya mama kwenda kupimwa, hatujalipa hata siku moja. Tunaomba mkutano ukubali: kila mama wa miaka 30 kwenda juu alipiwe nauli. Tusingoje damu itoke ndio tukimbie.