Mnara wa London: Ngome Iliyobadilishiwa Kazi



Mnara wa London unajulikana zaidi kwa sifa ya gereza. Hoja yangu leo ni kwamba sifa hiyo imefunika historia pana zaidi: kwa karne nyingi ngome hii ilikuwa ghala la dola na mahali pa kazi, na kufunga watu ilikuwa moja tu ya shughuli zake.

William Mshindi aliitwaa Uingereza mwaka 1066. Katika miaka ya 1070 alianza kujenga Mnara Mweupe, wenye kimo cha meta 27 hivi, kando ya mto Thames. Shabaha yake ilikuwa kuwatisha wakazi wa London, raia wapya ambao hakuwaamini. Katika karne ya 13, Henry wa Tatu na mwanawe Edward wa Kwanza waliuzungushia kuta mbili na handaki la maji.

Palipokuwa na kuta za namna hiyo, wafalme walipeleka kila walichotaka kukilinda. Edward alihamishia humo kazi ya kutengeneza sarafu, nayo ikadumu hadi mwanzoni mwa karne ya 19; Isaac Newton, mwanasayansi yule yule, aliwahi kuisimamia. Nyaraka za serikali, silaha na baruti vilihifadhiwa humo. Hata wanyama: Henry wa Tatu alipokea dubu mweupe kutoka Norwei, aliyefungwa mnyororo na kuachiwa avue samaki mtoni, kisha mwaka 1255 tembo kutoka kwa mfalme wa Ufaransa. Wafalme wenyewe walilala humo kabla ya maandamano ya kwenda kutawazwa Westminster. Wa mwisho kufanya maandamano hayo alikuwa Charles wa Pili, mwaka 1661.

Wafungwa walikuwepo, na Anne Boleyn alikatwa kichwa ndani ya kuta hizo mwaka 1536. Lakini waliouawa humo ndani ni wachache mno. Wengi waliuawa hadharani kwenye kilima kilicho nje ya ngome.

Karne ya 19 ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Watengeneza sarafu waliondoka, wanyama wakahamishwa kufikia 1835, nyaraka zikafuata. Mwaka 1843 handaki lilikaushwa kwa sababu ya uvundo na maradhi. Wakati huohuo wakuu wa nchi walihofia maandamano ya wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, wakaimarisha ngome na kujenga kambi kubwa ya askari. Miaka karibu 800 baada ya William, ngome ilikuwa bado inaukodolea macho mji wake.

Halafu watalii wakaongezeka, na wasanifu Anthony Salvin na John Taylor wakapewa kazi ya kuirudishia ngome sura ya zama za kati. Walibomoa ofisi na maghala ya karne za baadaye, wakajenga upya kuta na minara kwa namna walivyodhani ilikuwa. Naliona hilo kuwa hasara kubwa. Majengo ya makarani na mafundi yalikuwa ushahidi halali sawa na ukuta wa Henry, na sehemu ya kile mgeni anachokiona leo kuwa cha kale ni kazi ya enzi ya Malkia Victoria. Ile kambi ya askari ilinusurika, na leo ndimo vinamohifadhiwa vito vya ufalme.